Kibao cha kiganja kwenye akseleta: kinafaa Longido, hakifai Kilombero mjini Arusha

Kutoka Arusha hadi Namanga ni zaidi ya kilomita 100, na mwenye pikipiki ya cc 125 au 150 huishikilia akseleta karibu mahali pamoja njia nzima. Kasi haipandi wala haishuki sana. Kazi ya mkono wa kulia ni moja: kuizuia springi isirudishe mafuta. Springi yenyewe si ngumu. Kinachochosha ni kubana gripu, yaani raba ya kushikia usukani, bila kupumzika, na ukifika Oldonyo Sambu asubuhi, upepo wa baridi ukikupiga, unabana zaidi bila kujua. Hapo ndipo vidole vinaanza kufa ganzi.

Kibao cha kiganja kimetengenezwa kwa ajili ya shida hiyo tu. Ni kipande cha plastiki kinachoibana gripu ya kulia, chenye ulimi unaotokeza nyuma na kukaa chini ya kitako cha kiganja. Unaulaza mkono juu ya ulimi, uzito mdogo wa mkono unashikilia mafuta, na vidole vinalegea. Ukiondoa mkono, springi inafunga mafuta kama kawaida. Kwa sababu hiyo tunakiamini kuliko vile vya kukaza, vinavyoiacha akseleta wazi hata mkono ukiwa hewani. Kwenye barabara zetu, ambako ng'ombe na mbuzi huvuka bila taarifa, chombo kinachoendelea kuvuta mafuta baada ya mkono kuondoka hatukipendekezi kwa mtu yeyote.

Viko vya aina mbili. Cha kwanza ni cha kubana: pete iliyo wazi upande mmoja, unaipachika kwenye gripu na inajishika kwa msuguano. Crampbuster ndiyo inayojulikana zaidi, na inapatikana kwa upana wa aina mbili, mwembamba na mpana, kila mmoja ukiwa na saizi ya gripu za kawaida na saizi ya gripu nene. Vipo pia vingi visivyo na jina vinavyofuata umbo hilo hilo. Aina ya pili hufungwa kwa mkanda wa kunata kuzunguka gripu. Huu wa mkanda unakubali unene wowote, lakini vumbi la Makuyuni likiingia kwenye meno ya mkanda, mkanda unapoteza mshiko na kibao kinaanza kuzunguka taratibu. Kwa matumizi ya huku, chukua cha kubana. Na kati ya mwembamba na mpana, chukua mwembamba. Mpana unakaa vizuri zaidi chini ya kiganja, hilo ni kweli, ila unakula nafasi ya gripu, na kwenye gripu fupi ya Boxer au TVS unaacha sehemu ndogo mno ya kushika siku unapohitaji kushika kwa nguvu.

Kabla ya kulipa, pima gripu yako. Chukua uzi, uzungushe mara moja katikati ya gripu, pima urefu wake kwa milimita, kisha gawanya kwa 3.14. Uzi wa milimita 100 una maana gripu ina kipenyo cha karibu milimita 32. Linganisha na saizi iliyoandikwa kwenye pakiti. Kikibana mno, plastiki inafunguka na baada ya muda inapasuka kwenye kona ambapo ulimi unaungana na pete. Kabla ya kununua, ukunje ulimi kidogo na uangalie kona hiyo, maana vya bei ya chini huwa vyembamba hapo hapo. Kikilegea, kinateleza kila unapokikandamiza. Kulegea kidogo kunatibika: kata kipande cha tyubu ya baiskeli, kizungushe mara moja kwenye gripu chini ya pete. Tyubu ya milimita 1 inaongeza kipenyo kwa milimita 2. Ukihitaji zaidi ya mzunguko mmoja, kibao si saizi yako, kirudishe.

Sasa jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Mikono mingi inayouma haihitaji kibao, inahitaji kebo ya akseleta iliyosafishwa. Zima injini, zungusha gripu mpaka mwisho, iachie. Inatakiwa irudi yenyewe kwa haraka na kugonga, usukani ukiwa umenyooka, umekatwa kushoto mpaka mwisho, na umekatwa kulia mpaka mwisho. Ikirudi kwa uvivu, usifunge kibao juu ya ugonjwa huo. Fungua skrubu za kasha la swichi upande wa kulia, chomoa kichwa cha kebo, na udondoshee oili nyepesi ndani ya ganda lake mpaka itokee chini. Safisha bomba la usukani na mrija wa gripu kwa mafuta ya taa, ukaushe, halafu upake grisi kidogo sana, iwe kama utando tu, kwa sababu grisi nyingi inakusanya vumbi na kuwa msasa. Ukirudisha, acha mchezo wa milimita 2 hadi 6 kwenye ukingo wa gripu kabla kebo haijaanza kuvuta. Baada ya kazi hii kuna watu wataona kibao hakina haja tena, na hiyo ni pesa iliyookolewa.

Angalia pia kama gripu imeshika kwenye mrija wake. Raba iliyochakaa huzunguka peke yake juu ya mrija, na kibao kinaizungusha kwa nguvu zaidi kuliko kiganja kitupu. Matokeo ni mafuta yanayopungua ghafla ukiwa unalipita lori. Itoe, safisha, ibandike kwa gundi ya gripu, iache ikauke usiku mzima. Na zile soksi za mapambo zinazovishwa juu ya gripu zitoke kabisa. Pete ikibana kitambaa, kitambaa ndicho kinachozunguka.

Kufunga kwenyewe ni kazi ya dakika chache, ila pembe ndiyo inayoamua kama utakipenda au utakitupa. Bandika alama mbili za utepe mweupe, moja kwenye ukingo wa gripu na nyingine kwenye kasha la swichi, zikutane akseleta ikiwa imefungwa. Endesha kwa mwendo wako wa safari kwenye barabara tambarare, tupia jicho mara moja uone alama ya gripu imesogea kiasi gani. Simama, zima injini, rudisha gripu pale pale, kaa kama unavyokaa ukisafiri, kisha pachika kibao ili ulimi uguse kitako cha kiganja huku kifundo cha mkono kikiwa kimenyooka na mkono wote. Ukiachia, ulimi utainuka kidogo. Ukiuweka juu mno, kila unaponyoosha vidole kufuata breki ya mbele, kiganja kinakandamiza na injini inavuta wakati unataka kusimama. Kosa hili ndilo la hatari kuliko yote. Ukiuweka chini mno, kifundo kinapinda na ganzi inarudi ile ile.

Kiweke upande wa nje wa gripu, ili kidole cha shahada na cha kati viwe huru juu ya breki. Kisiguse kizito cha mwisho wa usukani, na akseleta ikifunguliwa yote ulimi usiguse chochote. Ukae kwenye nyama ya kiganja, kamwe usikae kwenye mkunjo wa kifundo, kwa sababu hapo ndipo mishipa ya fahamu inapopita kwenda kwenye vidole. Mikono ya koti la mvua iliyo mipana, au ncha ya shuka, inaweza kunasa kwenye ulimi: ibane kwa lastiki.

Kuhusu njia, faida yake kubwa ni Kisongo hadi Minjingu, Oldonyo Sambu hadi Longido, na Mwanga hadi Same. Barabara imenyooka, unaona mbali, mkono unapumzika kweli. Arusha hadi Moshi ni habari nyingine. Ni kilomita 80 hivi, lakini Tengeru, Usa River, Maji ya Chai, Kikatiti, Boma Ng'ombe na Kwa Sadala zimejaa matuta, rasta (vijituta vidogo vya mfululizo), alama za mwendo wa 50 na watu wanaovuka. Tairi la mbele likipanda tuta, mwili unasogea mbele, kiganja kinashuka, na kibao kinafungua mafuta juu ya tuta. Kwa safari hiyo hatukipendekezi. Kwenye kona za kupanda kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu, kitoe pia. Usukani ukikatwa, pembe ya kiganja inabadilika na huwezi tena kupima mafuta kwa usahihi. Mjini, kuanzia Sakina au Kilombero kwa upande wa Arusha, na kuanzia Kiboriloni kwa upande wa Moshi, kiwe mfukoni. Cha kubana kinatoka haraka, pikipiki ikiwa imesimama. Bodaboda anayezunguka vijiwe vya mjini siku nzima hana sababu ya kukinunua.

Usiiache pikipiki ikinguruma kwenye stendi huku kibao kipo, kwa sababu mtoto au abiria akiegemea mkono pale, injini inapiga kelele na pikipiki inaweza kuruka ikiwa gia imeingia. Ukimpa fundi aijaribu, mwambie kwanza, au kitoe.

Utunzaji ni mdogo. Osha gripu na pete kwa maji na sabuni kila vumbi na jasho vinapofanya utelezi. Usitumie oili wala polishi ya tairi. Pikipiki ikishinda juani Same, raba inalainika, hivyo kabla ya kuondoka kandamiza ulimi mara kadhaa uone kama bado umeshika pembe yake.

Ganzi ikiwa mkono wa kushoto pia, kibao hakihusiki. Kagua mtetemo: bolti za kushikilia injini, tairi la mbele, na vizito vya mwisho wa usukani kama vimeanguka. Kagua pia usukani kama umelazwa chini kiasi cha kukufanya uuegemee kwa mikono yote miwili. Legeza bolti za kishikio chake, uinue kidogo, kaza tena. Na ganzi inayokuamsha usiku, au inayofanya kidole gumba kishindwe kushika kikombe, ipelekwe hospitali kabla ya safari nyingine.