Huduma ya mazishi Dar hadi Same: jeneza, gari, kitabu cha ratiba na tumaini la ufufuo

Naandika haya kwa ajili ya yeyote aliyefiwa Dar es Salaam, ambaye lazima asafirishe mwili kwenda kuzika nyumbani, na ambaye ukoo wake, kama wetu, una makanisa matatu ndani yake. Kampuni tuliyoitumia ni ndogo: fremu mbili jirani na hospitali kubwa, na karakana ya majeneza kwa nyuma. Jina silitaji hadharani, maana lipo jambo moja ninalowalaumu na wamelirekebisha kiungwana.

Tuliyemzika ni mdogo wangu wa kiume. Alikuwa fundi umeme wa magari, mcheshi, mkarimu hadi anabaki hana kitu, na miaka yake ya mwisho pombe ilimshika. Kanisani alikuwa ameacha kwenda. Nalisema wazi kwa sababu kila tulichochagua pale dukani kilipitia hapo. Familia inayomzika mzee wa kanisa hubishana kuhusu rangi ya vitambaa. Sisi tulikuwa na swali ambalo hakuna aliyethubutu kulitamka mbele ya Mama: sasa yuko wapi?

Kabla hata hajatuonyesha jeneza, kijana wa mapokezi aliuliza, "Dada, pole sana. Marehemu alikuwa anasali wapi, na wazazi wanasali wapi?" Nikamweleza. Marehemu Baba alikuwa Mlutheri, nasi watoto tulibatizwa huko. Mama amezaliwa kwa Wasabato wa Pare Kusini, na kaka yake mkubwa, mjomba wetu, ni mzee wa kanisa huko hadi leo. Shangazi aliolewa na Mchaga wa Rombo akawa Mkatoliki. Kijana aliandika yote kwenye daftari, kisha akauliza tunataka kuzika siku gani. Tukasema Jumamosi, kama mjini walivyozoea, ili watu wapate nafasi. Akatua kalamu. "Jumamosi mjomba wenu na kanisa lake zima watakuwa Sabato. Zikeni Ijumaa, na mmalize mapema, watu wafike makwao kabla jua halijazama." Hapo nikajua tumefika kwa watu wanaoijua kazi yao. Wasabato wapo Upareni tangu 1903. Huwezi kuzika milima ile ukaisahau Sabato, lakini msiba unavuruga akili, na sisi tulikuwa tumeisahau.

Sasa niseme kuhusu chumba cha kuandalia mwili, kwa sababu hapo ndipo wanapozidi wengine wote niliowahi kuwaona. Wanaruhusu ndugu mmoja kuingia. Niliingia mimi. Mhudumu ni mzee Mmoravian kutoka Rungwe, ana mikono mikubwa na anafanya kazi taratibu. Alimnyoa ndevu mdogo wangu kwa wembe mpya, akampaka mafuta midomo iliyokuwa imepasuka, akasafisha kucha moja moja kwa kijiti, na grisi ya gereji iliyokuwa imeganda humo miaka nenda rudi ikatoka. Kila alipotaka kumgeuza alimwambia kwanza: "Samahani kijana wangu, nakugeuza." Shati tulilopeleka lilikuwa limebana kola, akalipasua kwa nyuma kwa mkasi, likakaa vizuri kwa mbele, shingo ikawa huru.

Nilimuuliza kwa nini anajisumbua hivyo na kucha ambazo hakuna atakayeziona. Akanijibu bila kuacha kazi: "Mama, mwili huu utaitwa tena. Siwezi kuuandaa ovyo." Akanieleza kwamba kwao Rungwe, alfajiri ya Pasaka, Wamoravian huamka gizani wakaenda kusimama makaburini waimbe jua likichomoza, mambo yaliyoanzia Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732. Amekulia katika hayo. Kwake kaburi ni mahali pa kungojea mtu.

Nimeimba kwaya tangu niko darasa la tano na Imani ya Mitume naikariri kila Jumapili, ufufuo wa mwili ukiwemo. Lakini watu wengi tunaongea kana kwamba roho ikishapaa, mwili ni ganda la kutupa. Sivyo kanisa linavyofundisha. Paulo katika 1 Wakorintho 15 anauita mwili mbegu: unapandwa katika uharibifu, unafufuliwa katika kutokuharibika. Yule mzee hakunihubiria. Alinionyesha kwa wembe na kijiti, na nilitoka mle chumbani nimesimama wima kwa mara ya kwanza tangu simu ya usiku ile.

Jeneza sitaliongelea sana. Wana la mninga la bei mbaya, lenye vioo na taa, na wana la msonobari lililopigwa vanishi, laki tatu na nusu. Tulichukua la msonobari. Misumari imezama vizuri, vipini havikuchezacheza, na hakuna aliyetusukuma kununua la juu.

Kitabu cha ratiba ndicho kilichotuchukulia muda. Nilitaka kwenye jalada, chini ya picha, paandikwe "Ameitwa mbinguni." Mjomba, aliyekuwa kwenye simu kutoka Same, akakataa. Kwa Wasabato wafu wamelala. Mhubiri 9:5 inasema hawajui neno lolote, na hakuna anayeingia mbinguni mpaka Bwana arudi na parapanda ilie, kama ilivyo katika 1 Wathesalonike 4. "Msimwandikie uongo mwanangu," alisema, na sauti yake ilikuwa inatetemeka. Shangazi naye alitaka sala ya marehemu, ile ya raha ya milele na mwanga wa milele, maana Wakatoliki wanaamini wapo waliokufa katika neema ya Mungu ambao bado wanatakaswa toharani, na sala zetu zinawasaidia. Mimi Mlutheri toharani sina. Kwetu anayekufa katika Kristo yuko na Kristo, yamekwisha. Halafu binamu mmoja, ambaye alidhani ananong'ona, akasema tusijisumbue na jalada, kwa sababu 1 Wakorintho 6:10 imeshasema walevi hawataurithi ufalme wa Mungu.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni. Alisikia. Akasema, "Malizia na mstari wa kumi na moja." Binamu akanyamaza. Mstari wa kumi na moja unawaambia Wakorintho kwamba baadhi yao walikuwa watu wa namna hiyohiyo, lakini walioshwa. Kisha Mama akasema jambo ambalo nimelibeba mpaka leo: "Yule aliyesulubiwa pembeni ya Yesu, kanisa lake lilikuwa lipi? Aliomba akumbukwe, basi. Mwanangu wiki ile ya mwisho wodini kila usiku alikuwa anasema Bwana nikumbuke. Nilikuwepo. Nilimsikia kwa masikio yangu."

Kijana wa kompyuta alikuwa ametuachia nafasi muda wote huo, hata hakugusa kipanya. Ukimya ulipokaa, akafungua faili nyingine akatuonyesha jalada lenye jina, miaka, na Yohana 11:25 peke yake: "Mimi ndimi huo ufufuo, na uzima, yeye aniaminiye mimi, ajapokufa, atakuwa anaishi." Akasema familia zilizochanganya makanisa huwa zinatulia hapo. Mjomba akasomewa kwenye simu, akasema amina. Shangazi akasema amina. Sala yake ikapewa ukurasa wa ndani, karibu na wasifu, na pambio la Kisabato likaingia kwenye sehemu ya kaburini. Hakuna aliyelazimishwa kukiri asichokiamini, na wote tulikuwa tumesimama juu ya neno moja. Nimewaona wachungaji waliosomea theolojia wakishindwa kufika hapo.

Uchapaji wenyewe ni wa wastani. Picha ilitoka nyeusi kidogo, na nakala za kwanza zilikuwa na saa ya maziko iliyokosewa. Walizirudia bila kutudai. Kila nakala ilikuwa elfu mbili na mia tano.

Sasa lawama. Tuliondoka Dar Alhamisi usiku. Gari lilikuwa zuri, safi, breki nzuri, dereva mwangalifu asiyekimbia, na sehemu ya jeneza imetenganishwa vizuri na viti vya ndugu. Baada ya Chalinze dereva, nadhani kwa kujizuia kusinzia, akachomeka flashi ya mahubiri. Mhubiri, ambaye simjui wala sitamtafuta, alikuwa anaeleza kuzimu kwa sauti ya juu: nyama zinavyoungua, walevi wanavyolilia maji, wazazi wanavyowaona watoto wao ndani ya moto. Mama alikuwa kiti cha mbele. Jeneza la mwanawe lilikuwa mgongoni kwake.

Nikamwambia azime, naye akazima mara moja na kuomba radhi kwa unyenyekevu. Lakini maneno yalikuwa yameshatoka, na kuanzia pale mpaka Segera gari zima likawa linajadili moto. Mjomba mdogo, aliyekuja Dar kutuchukua, alisema mhubiri yule anamsingizia Mungu, kwa kuwa Wasabato wanaamini waovu watateketezwa waishe, hawatateswa milele na milele. Shangazi akasema Kanisa lake limewatangaza watakatifu wengi kwa majina, ila halijawahi hata siku moja kumtaja mwanadamu yeyote kwa jina na kutamka kwamba yuko motoni. Nilimshukuru kwa hilo. Sikuwa nalijua, na lilimfikia Mama kuliko yote tuliyoyasema.

Msimamo wangu nauweka hapa bila kuficha. Naamini jehanamu ipo. Yesu mwenyewe aliisema, na Mathayo 25:46 inaziweka adhabu ya milele na uzima wa milele katika sentensi moja; anayelifuta moja ajieleze kuhusu la pili. Ungamo la Augsburg la 1530, ibara ya 17, ambalo kanisa langu linalishika, halizungukizunguki juu ya hukumu ya siku ya mwisho. Lakini hukumu ile ina Hakimu, naye hajakaimisha kiti chake kwa mtu mwenye kipaza sauti. Onyo la jehanamu ni la aliye hai anayeweza kugeuka, na anayelitoa inampasa alitoe kwa machozi. Mdogo wangu angehubiriwa akiwa gereji, saa anafungua chupa ya kwanza. Huko sikumwona mhubiri. Kumletea mama yake habari hizo usiku ule barabarani ni kumchoma mtu aliyekwisha kuungua.

Niliwaeleza wenye kampuni hayo yote kwa simu baada ya mazishi. Mkurugenzi hakubishana. Alimpigia Mama mwenyewe kumpa pole na kuomba radhi, na akaniambia flashi zote zimetolewa kwenye magari. Sasa ndugu ndio wanaoulizwa kama wanataka nyimbo au ukimya. Jirani yetu amewatumia juzi kupeleka mwili Iringa na kanithibitishia kwamba aliulizwa kabla gari halijatoka getini.

Tulipita Mombo kukiwa bado giza, tukafika Makanya asubuhi, na gari likapanda mlima bila shida ingawa barabara ya juu ni vumbi na kona kali. Vijana wawili wa kampuni walikuja na mashine ya kushushia jeneza na spika yenye betri yake. Hiyo ni muhimu. Umeme ulikatika ibada ikiwa katikati na hakuna aliyejua mpaka baadaye. Wazee wa mtaa wa Kilutheri waliongoza, mjomba akasoma 1 Wathesalonike 4 mpaka mstari wa 18, na shangazi akasali sala yake mbele ya watu ambao wengi wao hawajawahi kuisikia. Ilipofika saa nane mchana udongo ulikuwa umeshatengenezwa na saruji imeshamwagwa. Wasabato walifika makwao kabla ya jua kuzama.

Gharama yote, yaani maandalizi ya mwili, jeneza, vitabu, gari la kwenda na kurudi, mashine na spika, ilifika milioni mbili na laki tatu. Kianzio ni nusu, na salio walikubali kupokea rambirambi zikishahesabiwa. Risiti wanatoa. Vibali vya kusafirisha mwili wanasaidia kufuatilia lakini hawalipii. Maua na turubai hawana, msiwategemee kwa hayo. Kosta ya waombolezaji mtafute wenyewe. Ile waliyotuunganishia ilichelewa kufika hospitali na viti vyake vilikuwa vimechoka.

Ningewapa nyota nne kati ya tano, na ile ya tano ni ya mzee wa chumba cha kuandalia peke yake, apewe yeye. Mkienda kwao ulizeni kama yuko zamu. Siku za Jumapili hayupo. Pelekeni nguo zilizo kubwa kidogo kuliko kipimo cha marehemu, viatu si lazima. Tajeni makanisa yote ya ukoo mapema, na mhariri wa kitabu awe mtu mmoja tu wa familia mwenye simu ya mjomba mkononi. Nakala ya majaribio ombeni kabla ya saa kumi na moja jioni, kwa sababu mashine ya kuchapa wanaifunga saa kumi na mbili kamili.