Enka iliteguka mara nne: uzoefu wangu wa kujifunza kutembea upya kwa kifaa cha mlio

Enka yangu ya kulia imeteguka mara nne ndani ya miaka mitatu. Mara ya kwanza ilikuwa kwenye netiboli: niliruka kudaka mpira, nikatua juu ya mguu wa mwenzangu. Mara ya nne nilikuwa nashuka kwenye daladala Mbagala, nimevaa viatu vya chini, lami kavu, hakuna aliyenisukuma. Mguu ukajipindua kwa nje, nikakaa chini palepale. Hiyo ndiyo iliyonitia hofu. Kama siwezi hata kushuka kwenye gari, uwanjani nitafanya nini?

Huko nyuma kila nikiteguka nilipita njia ileile: barafu, bandeji, mama ananichua na mafuta ya nazi, uvimbe ukishuka narudi kucheza. Safari hii eksirei haikuonyesha mfupa uliovunjika, nikapelekwa kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Kabla hajaugusa mguu aliomba viatu vyangu. Akavigeuza, akavipanga mezani soli juu. Cha kushoto kilikuwa kimelika sawasawa. Cha kulia kilikuwa kimelika upande wa nje peke yake, kuanzia kisigino mpaka chini ya kidole kidogo, mistari yote imefutika, na upande wa ndani mistari bado inakwaruza ukiipitisha kidole.

"Dada, hivi ndivyo unavyotembea kila siku," akaniambia.

Alinieleza kwamba kano za upande wa nje wa enka, yaani nyuzi zinazoshikanisha mifupa, zikivutika na kuchanika, hulegea, na pamoja na hilo ubongo haupati tena habari sahihi za mguu umekaa pembe gani. Mtu anaanza kukanyagia ukingo wa nje bila kujua, na mguu ulioegemea huko tayari unangoja kijiwe tu upinduke. Si wachache. Watafiti wa University College Dublin waliwafuatilia watu walioteguka kwa mara ya kwanza, na baada ya miezi 12 karibu 40 katika kila 100 walikuwa na enka isiyotulia.

Ili kuniondolea tabia hiyo alinipa mazoezi ya kutembea na kifaa cha mlio. Kifaa chenyewe ni kidogo. Kuna sensa (kihisi) nyembamba inayobandikwa chini ya unyayo, nyuma tu ya kidole kidogo, na waya unaopanda hadi kwenye kiboksi kinachofungwa juu ya kamba za kiatu. Ukiegemea nje kupita kiwango alichopanga mtaalamu, kinalia. Unapanda kwenye mashine ya kutembelea, na maagizo ni mamoja: tembea kisilie.

Siku ya kwanza kililia karibu kila hatua. Nilitamani kulia na mimi, maana nilikuwa nimeamini kabisa kwamba natembea vizuri. Nikaanza kuukandamiza mguu kwa ndani kwa nguvu; mlio ukakoma, lakini jioni tao la unyayo likauma hadi usiku. Kesho yake mtaalamu akanikataza kuufikiria mguu. Nisikilize tu, mwili utatafuta njia wenyewe. Ilikuwa kweli. Kuanzia kipindi cha tatu nilikuwa natembea dakika kadhaa kimya, na ukimya ule ulinipa furaha ambayo sikuitarajia. Kila nilipozoea, alishusha kiwango, kelele zikarudi, nikaanza tena.

Nilifanya vipindi 8 ndani ya wiki mbili, dakika 30 kila kimoja. Ratiba kama hiyo imejaribiwa katika Chuo Kikuu cha North Carolina, Charlotte, huko Marekani, na ndiko mtaalamu wangu alikoitoa. Vipindi vya mwisho alikuwa anakizima kifaa bila kuniambia, ananiangalia tu, halafu anakiwasha tena. Naona hapo ndipo palipo na thamani yote ya mafunzo haya: mguu ukizoea kungoja mlio, utafanyaje barabarani ambako hakuna wa kuulilia?

Kasoro zipo. Unyayo ukitoka jasho sensa inasogea na kulia ovyo, ikabidi tusimame mara mbili kuibandika upya. Bima yangu haikulipia, nililipa mwenyewe. Mashine pia ni tambarare, wakati njia ya kwangu ni mchanga na mawe. Na kifaa hakiongezi nguvu ya misuli. Bado kila asubuhi nasimama kwa mguu mmoja nikipiga mswaki, na jioni navuta utepe wa mpira wa mazoezi kwa ukingo wa nje wa mguu. Aliye na uvimbe mpya asikimbilie huku. Na asiyeweza kupiga hata hatua nne baada ya kuteguka aende eksirei kwanza.

Sasa ni mwezi wa tatu. Sijateguka. Nashuka kwenye daladala nimebeba madaftari ya wanafunzi mikono miwili, jambo ambalo nilikuwa nimeliacha kwa woga. Netiboli nimeruhusiwa kurusha na kudaka nikiwa nimesimama. Kuruka bado, hadi nitakapoweza kutua kwa mguu wa kulia peke yake mara kumi mfululizo bila kuyumba. Juzi nilifika saba.