Mafunzo ya kazi za nyuma ya kamera yanayostahili ada yake

Nilihudhuria mafunzo ya siku tatu jijini Dar es Salaam kuhusu majukumu ya kikosi kinachotengeneza filamu ndefu, na ninayapendekeza kwa dhati kwa yeyote anayedhani kwamba filamu ni kazi ya mwongozaji na waigizaji peke yao. Sehemu iliyonigusa zaidi ilimhusu msimamizi wa mwendelezo, ambaye, kwa kuwa matukio hayapigwi picha kwa mfuatano wa hadithi, huandika kikombe kilishikwa kwa mkono upi na chai ilibaki kiasi gani, ili mhariri asikutane na mkanganyiko miezi kadhaa baadaye. Tulionyeshwa pia kwamba kibao kinachoshikwa mbele ya kamera picha inapoanza kupigwa hugongwa kwa sababu sauti kwa kawaida hurekodiwa kando na picha, na mlio wake ndio unaosaidia kuzioanisha. Msaidizi wa kamera, anayerekebisha fokasi, yaani ukali wa picha, kila mwigizaji anaposogea, alipewa nafasi anayostahili. Wabunifu wa mavazi walipitiwa upesi. Kasoro kubwa ilikuwa maiki moja kwa wanafunzi 20: sikupata hata dakika tano za kuishika fimbo ndefu inayoibeba maiki hiyo karibu na waigizaji, nami kazi ninayoitamani ni hiyo hasa.