Adapta ya CAN ya kompyuta: ukinunua moja tu, nunua ipi?

CAN ni laini ya waya mbili ambayo kompyuta za ndani ya gari huongelea, na adapta yake huiunganisha na kompyuta yako. Kabla ya kutoa hela, inama chini ya usukani. Soketi ya OBD, ile ambayo fundi huchomeka kifaa cha kupimia gari, ina matundu 16. Mulika tochi kwenye la 6 na la 14. Yakiwa na chuma ndani, kuna uwezekano mkubwa gari lako linaongea CAN hapo. Yakiwa matupu, na chuma ukakiona kwenye la 7, hilo ni gari la laini ya zamani, K, na katika adapta nitakazotaja ni ile ya mwisho tu itakayokufaa. Gari nyingi za Kijapani za mwanzoni mwa miaka ya 2000, hizi zilizojaa barabara za Dar na Nairobi, ziko hivyo. Watu hununua kwanza, wakachungulia baadaye.

Mimi napanga adapta kwa draiva, ile programu inayofanya kompyuta iitambue, bei inafuata. Linux ina SocketCAN, sehemu yake ya kushughulikia CAN, mchango wa watafiti wa Volkswagen ulioingia kwenye kerneli (kiini cha Linux) 2.6.25 mwaka 2008. Adapta yenye draiva humo ukiichomeka inajitokeza yenyewe kama can0, kama kadi ya mtandao inavyojitokeza kama eth0. Isiyo nayo inajitokeza kama bandari ya siriali, na kila kitu kinahitaji mkalimani.

Ya kwanza: CANable, au ndugu zake, ikiwa na candleLight

Ni kibao kidogo cha USB, bei yake makumi ya dola. Angalia programu iliyomo ndani: nyingi huuzwa zikiwa na slcan, inayopeleka kila ujumbe kama maandishi kupitia siriali, na laini ikichangamka ujumbe unapotea. Weka candleLight badala yake; ni kazi ya dakika chache, na kuanzia hapo kerneli inaitambua kwa draiva ya gs_usb. Baada ya hapo, amri ya kwanza inawasha can0, ya pili inaonyesha kila ujumbe unaopita:

`sudo ip link set can0 up type can bitrate 500000 listen-only on`

`candump can0`

Usiache lile neno `listen-only`, yaani kusikiliza tu. Ukikosea kasi bila hilo, adapta yako itakuwa inapiga kelele za makosa katikati ya mazungumzo ya injini na breki, na dashibodi itawaka taa kama harusi. Kwenye soketi ya OBD kasi ni kilobiti 500 kwa sekunde, mara chache 250.

Ukiona kimya, usiilaumu adapta haraka. Gari jipya huficha mazungumzo yake nyuma ya kompyuta inayolinda lango (gateway), halijibu mpaka uulize. Zima can0, iwashe tena kwa `listen-only off`, kisha uliza mizunguko ya injini:

`cansend can0 7DF#02010C0000000000`

Kwangu jibu lilirudi kwa namba 7E8, na ndani yake 41 0C 0B B8. Hizo mbili za mwisho, 0BB8, ni 3000. Gawa kwa 4 upate mizunguko 750 kwa dakika. Injini ilikuwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, mshale wa dashibodi uko palepale. Raha yake huwezi kumweleza mtu.

Jambo moja la waya: adapta hizi zina jampa ya rezista ya ohm 120. Kwenye gari itoe. Gari tayari lina mbili, na ukipima kati ya waya mbili za CAN umeme ukiwa umezimwa, mita inasoma kama ohm 60. Ikisoma 40, ya tatu ni yako. Mezani, adapta mbili zikiongea zenyewe, ziweke zote mbili.

Ya pili: PEAK PCAN-USB au Kvaser Leaf Light

Hapa unalipa mamia ya dola. Draiva zake zimo kwenye kerneli miaka mingi, PEAK tangu 3.4 na Kvaser tangu 3.8, na kwenye Windows zina programu zake safi. Kwa mtu anayejifunza sioni sababu. Kwa fundi anayekula kwa kazi hii ipo moja: utenganisho wa umeme. Laptopu ikiwa kwenye chaja huku imeunganishwa na gari, tofauti ya umeme kati ya ardhi ya chaja na ya gari inatafuta njia, na njia ni bandari yako ya USB. Ila PEAK wameuza PCAN-USB ya aina mbili, yenye utenganisho na isiyo nayo. Uliza kabla hujalipa.

Ya tatu: moduli ya MCP2515 kwenye Raspberry Pi

MCP2515 ni chipu ya CAN. Ndiyo ya bei nafuu kuliko zote, na ndiyo iliyonila usiku mzima. Ukurasa wa muuzaji uliandika kristali, ile inayoipigia chipu mapigo ya saa, ya megahezi 16, nami nikaandika hivyo hivyo kwenye config.txt, faili la mipangilio ya Pi. can0 ikawaka, hakuna kosa lolote, hakuna ujumbe hata mmoja. Alfajiri nikaisogeza ile moduli kwenye taa: juu ya kile kikopo cha chuma kimechapwa 8.000. Kasi yote ilikuwa nusu. Soma kristali kwa macho yako, kisha:

`dtoverlay=mcp2515-can0,oscillator=8000000,interrupt=25`

Tena nyingi zina chipu ya TJA1050 inayotaka volti 5, wakati pini za Pi ni za volti 3.3, kuziunganisha moja kwa moja ni kuiua Pi polepole. Tafuta yenye SN65HVD230, chipu ya volti 3.3.

Ya mwisho: ELM327

Ile ya bluetooth inayouzwa kila duka la spea. Kusoma kodi za taa ya injini inatosha, na laini ya K inaiweza. Kusikiliza CAN yote, haiwezi. Bafa, yaani kumbukumbu yake ya muda, inajaa, inakata. Kerneli 6.0 ilileta draiva ya can327 inayoigeuza kuwa can0, ila udhaifu wa chipu unabaki.

Na kama hela bado, tengeneza CAN ya kubuni ndani ya Linux: `sudo modprobe vcan`, `sudo ip link add dev vcan0 type vcan`, `sudo ip link set vcan0 up`. Pakua ICSim, programu inayoigiza dashibodi ya gari, uielekeze hapo: inachora spidomita, milango na indiketa, na candump inasoma yote bila gari wala adapta.