Karatasi ya barua, kalamu ya wino na jasho la Dar: uzoefu wangu

Karatasi yangu ya kwanza "ya heshima" niliichagua kwa kuipima uzito, na hapo ndipo nilipopigwa. Muuzaji wa duka moja la vifaa vya ofisi alinikabidhi pakiti ya gramu 120, nene, nyeupe kama kanzu ya Idi. Nikaipapasa nikaridhika, nikalipa bila kuomba punguzo. Nyumbani nikajaza kalamu, nikaandika "Shikamoo Babu". Kabla sijamaliza neno la kwanza herufi zilishaota ndevu. Matumbo ya b yote mawili yamejaa wino, na nilipogeuza karatasi nikakuta vitone vya bluu upande wa pili, kana kwamba nimeandika juu ya shashi.

Babu yangu ni mwalimu mstaafu, yuko Lushoto. Simu anayo, ila kwake simu ni ya misiba na ya kuuliza bei ya mbolea. Mazungumzo yenyewe anayataka kwa barua. Amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho upande mmoja, upande wa pili unasubiri, kwa hiyo mwandiko uliovimba wino ni mateso kwake. Na kalamu ninayomwandikia ni yake mwenyewe, Hero 616 ya Kichina aliyokuwa akiibana kwenye mfuko wa shati enzi zake za chaki. Kwa hiyo kuandika kwa biki yakaisha haikuwezekana. Ilibidi nitafute karatasi.

Kitu nilichojifunza kwa pesa yangu ni kwamba gramu zinakwambia uzito wa mita moja ya mraba ya karatasi hiyo, basi. Hazikwambii inakunywa wino kiasi gani. Karatasi nyingi za fotokopi zimetengenezwa kwa ajili ya mashine inayoyeyusha unga wa rangi juu yake, na unga huo hautambai. Wino wa kalamu ni maji yenye rangi. Yakikuta nyuzi zilizo wazi yanazifuata kama maji ya mvua yanavyofuata mfereji, na hizo ndizo ndevu. Kinachozuia ni kile ambacho kiwanda kimechanganya kwenye karatasi au kuipaka juu: zamani Ulaya walichovya karatasi kwenye gelatini iliyochemshwa kutoka kwenye ngozi za wanyama, siku hizi ni wanga pamoja na kemikali. Karatasi ya gramu 52 iliyopakwa vizuri inaiacha mbali ile ya 120 iliyonidanganya mimi.

Binamu yangu alikuwa anarudi kutoka Ufaransa, nikamwagiza pedi mbili. Ya tatu niliagiza mtandaoni, ikachukua wiki tano.

Nianze na Tomoe River, kwa sababu ndiyo kila mpenzi wa kalamu anayokutajia kwanza. Ni ya Kijapani, hiyo ya gramu 52, nyepesi mpaka unaona vidole vyako kupitia kwake. Ilitengenezwa miaka mingi na kampuni ya Tomoegawa, halafu ikahamia kwa Sanzen. Sifa zake ni za kweli. Mstari unabaki mwembamba kama ulivyouchora, haupenyi, na penye wino mwingi baadhi ya wino wa bluu unatoa mng'ao mwekundu, kama mafuta ya taa juu ya maji. Usiku wa kwanza niliandika kurasa sita kwa ajili ya kuuangalia mng'ao tu.

Lakini wino unakaa juu juu. Nilihesabu mpaka 40, nikapitisha kidole, bado ukanifuata. Na hapa Dar, mwezi wa tatu, unyevu umejaa hewani na feni inazunguka hewa ile ile, hiyo 40 inakuwa zaidi ya dakika. Ongeza mkono wenye jasho. Nikiandika ukurasa mzima, nikifika robo ya chini kalamu inaanza kuruka: herufi inatoka nusu, nyingine haitoki kabisa. Nilidhani nibu, ile ncha ya chuma ya kalamu, imeharibika, nikaiosha mara mbili. Kumbe ni mkono wangu. Mafuta na jasho la kiganja vilishapaka sehemu ile kabla kalamu haijafika, na uso laini namna ile hausamehe. Dawa yake ni rahisi: weka kipande cha karatasi chini ya kiganja, ukisogeze kila unaposhuka mstari. Sasa nafanya hivyo kwa karatasi zote, hata ya daftari.

Kilichonifanya niiache kwa barua za Babu si jasho. Ni kivuli. Ukiandika pande zote mbili, maandishi ya nyuma yanaonekana mbele. Hayajapenya, ila yanaonekana. Kwa macho yangu si tatizo, ila kwa jicho moja zima chini ya taa ya sola ni barua mbili zilizopandana. Ninayo bado, naitumia kwa shajara yangu.

Pedi iliyobaki mezani ni Triomphe ya Clairefontaine, A5, gramu 90. Kiwanda hicho kiko Étival, kwenye milima ya Vosges, kimeanza mwaka 1858, na karatasi yao ina ulaini ambao mwanzoni uliniudhi kidogo. Nibu inateleza kama sabuni sakafuni na mwandiko wangu ukawa mkubwa kuliko kawaida. Baada ya barua mbili mkono ulizoea. Weupe wake umesimama, wino mweusi unaonekana mweusi, wa bluu unaonekana wa bluu, na ndevu sijaziona hata kwa nibu nene. Kukauka inachukua muda pia, ila kwangu ni karibu nusu ya muda wa ile ya Kijapani. Naandika, namaliza ukurasa, nakwenda kuchemsha chai, nikirudi nageuza.

Haina mistari, hiyo niliyonunua. Nimechukua karatasi ya fulskepu, nikaikoleza mistari yake kwa kalamu nene nyeusi, naiweka chini. Inaonekana kupitia hizo gramu 90 vya kutosha kuniongoza, na msomaji hajui. Bei, hapo tusidanganyane: kwa yote niliyolipa, pedi moja ya kurasa 50 ilinitoka kama rimu mbili za karatasi ya fotokopi, na zaidi. Kwa mtu anayeandika barua mbili kwa mwezi inavumilika. Kwa kuandikia orodha ya sokoni ni kufuru.

Ya pili aliyoleta binamu ni Vergé de France ya G. Lalo, kampuni ya Paris ya tangu 1919. Gramu 100. Hii ina vituta vidogo vidogo vinavyokwenda sambamba, kumbukumbu ya waya za kile kichujio ambacho mafundi wa zamani walichotea rojo la karatasi. Ukiishika unajua umeshika waraka, si karatasi tu. Inakauka haraka kuliko hizo mbili kwa sababu uso wake si wa kioo. Lakini nibu nyembamba inahisi kila kituta, kama baiskeli kwenye barabara ya rafu, na ile Hero ya Babu ni nyembamba. Nilipotumia kalamu yangu ya Pilot yenye nibu ya wastani mambo yakawa matamu. Hii nimeiweka kwa barua za posa na za rambirambi.

Rhodia sitasema mengi. Ni ndugu wa Clairefontaine, gramu 80, jalada la rangi ya chungwa. Nzuri kwa mazoezi na rasimu, ila ukiituma kama barua inanuka ofisi.

Kuhusu uzito wa posta, kwa sababu wengi wanaogopa karatasi nzuri italipiwa zaidi: A5 ya gramu 90 haifiki gramu tatu kwa ukurasa. Kurasa nne na bahasha yake bado ziko chini ya gramu 20, ambayo ndiyo hatua ya kwanza ya barua katika posta nyingi. Mimi napima kwa mizani ya jikoni ya mke wangu, akiwa hayupo.

Na usiyaache haya makaratasi wazi kama unaishi pwani. Pedi niliyoiacha juu ya kabati masika yote ilirudi imejikunja na kulegea kama samli ya baridi iliyoguswa na jua, na wino ulioteleza vizuri Januari ukaanza kutambaa Mei. Sasa zinakaa kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Kama hutaki kuagiza nje, kuna njia ya wenye subira. Madaftari ya kawaida ya shule mengine ni mazuri ajabu, mengine ni sifongo, na jalada halikwambii lolote. Nanunua moja moja, naandika mistari mitatu kwenye ukurasa wa mwisho, natia kitone kimoja kikubwa, nageuza naangalia nyuma. Likifaulu narudi siku hiyo hiyo kuchukua kumi, kwa maana mzigo ujao huenda ukawa wa karatasi nyingine.

Barua ya kwanza niliyomwandikia Babu kwenye Triomphe ilikuwa ya kurasa tatu, upande mmoja mmoja, kwa heshima ya jicho lake. Nilianza kama alivyonifundisha mwenyewe, "mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako uliye mbali na upeo wa macho yangu", na sentensi hiyo peke yake ikala mistari mitatu kwa sababu ya kule kuteleza.

Jibu lilikuja baada ya siku kumi na moja. Nilipofungua bahasha nikakuta mwandiko wangu. Alikuwa amegeuza kurasa zangu na kujibu nyuma, kwa biki, maana kuacha upande mzima mtupu ni ubadhirifu. Biki ilikuwa imeruka ruka kwenye ule uso laini, mwanya hapa mwanya pale, na pembeni ya mstari wa nne alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: KARATASI HII INAKATAA KALAMU, MJUKUU WANGU, UMEUZIWA MBOVU.