Fundi kasafisha tangi mpaka samaki wenyewe

Sikutaka kuandika, lakini jana nimepita sebuleni nikaona tangi lina samaki wawili badala ya wanne, hasira zikanipanda upya.

Nakaa Kiembesamaki, hapa Unguja (ndiyo, jina lenyewe hilo, msinicheke). Siku chache kabla ya mfungo nikamwita fundi mmoja anayepita majumbani kusafisha matangi. Sifa zake nyingi. Kaja na kijana wake, ndoo mbili na maneno mengi.

Haki yake nimpe: kioo alikifuta hasa. Maji ya kisiwa hiki yanatoka kwenye mawe ya chokaa, na pampu yangu ilishaganda weupe mdomo mzima. Kailoweka kwenye siki, kaisugua kwa mswaki mkuukuu, kaisuuza mara tatu. Nikasema huyu anajua.

Halafu akachomoa sponji ya filta. Ilikuwa ya kahawia, inateleza kama bamia, na mie naijua: humo ndimo wanamokaa bakteria wanaoimaliza amonia, ile sumu inayotoka kwa samaki wenyewe. Namwona huyo anaelekea karo la jikoni, kafungua mfereji, anamwagia sabuni ya unga. Ya kufulia! Nikamwambia, "Fundi, hiyo si inakamuliwa tu kwenye ndoo ya maji ya tangi lenyewe?" Hata hakugeuka. "Bibie, kazi hii naifanya tangu wewe huna tangi. Nenda kaangalie chungu chako."

Chungu changu! Nyumba yangu, karo langu, sabuni yangu.

Na mie mjinga, nikaenda kuangalia chungu.

Sponji ikarudi nyeupe, inanukia maua. Asubuhi yake samaki wote wanne wako juu, vinywa nje, matamvua yanakwenda mbio. Yule mkubwa, ambaye mwanangu alimpa jina la Bwana Harusi, kabla ya adhuhuri alishalala ubavu. Wa pili kamfuata usiku. Nampigia fundi, ananambia samaki wangu walikuwa wazee. Wazee! Nimewanunua hawazidi dagaa.

Waliobaki kaniokolea yule kijana wake. Kanipigia simu kwa kujificha, sauti ya chini kama mwizi: "Mama, itoe hiyo sponji. Badilisha nusu ya maji sasa hivi, halafu robo kila siku. Usiwape chakula kwanza. Na maji ya mfereji yaache wazi kwenye ndoo usiku kucha, klorini itoke." Kwa bahati maji kwetu hayaaminiki, mapipa yangu yalikuwa yamejaa tangu juzi yake. Nikachota mpaka mgongo ukaniuma. Sponji mpya imechukua zaidi ya mwezi kurudi kuwa ya kahawia, na siku niliyoiona inateleza nilifurahi kama nimezaa.

Sasa, nikuambieni mumwite? Kwa pampu na kioo, nilikuwa naelekea kusema ndiyo, mradi mumsimamie kichwani. Lakini nikikumbuka lile neno la chungu, hapana. Wallahi hapana. Kijana wake akianza kazi yake mwenyewe, mlango wangu uko wazi.

Pesa hajarudisha. Ile sponji yake sikuitupa, nasugulia masufuria. Mafuta yanatoka vizuri mno.