Niliuliza habari ya ithibati, nikaambiwa sijaitwa

Mimi ni mwinjilisti, natoka Manyoni vijijini, na kanisa letu limekubali kunisomesha shahada ya theolojia. Nikisema kanisa msifikirie ofisi yenye mafungu. Ni akina mama waliouza alizeti na kuku, Jumapili hadi Jumapili, mpaka ada ya muhula wa kwanza ikatimia. Pesa ya namna hiyo ukiibeba unatembea umeushika mfuko.

Juzijuzi nikapanda basi hadi Dodoma, nikashuka Nanenane, nikachukua bajaji mpaka kwenye chuo kimoja ambacho jina lake nalihifadhi. Ili nisiwachafue wasiohusika, si Chuo Kikuu cha St. John's, wale walioanza mwaka 2007 kwenye majengo ya iliyokuwa Sekondari ya Mazengo, wala si chuo cha theolojia cha Msalato.

Mapokezi walinipokea vizuri, maji nikapewa. Nikaingizwa kwa mratibu wa udahili. Nilikuwa na swali moja tu, la ithibati, yaani kibali cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania: "Mtumishi, hii shahada TCU wameipitisha?"

Akavua miwani. "Mwinjilisti, wewe umeitwa, au unatafuta cheti?"

Kwenye benchi walikuwepo waombaji wengine watatu. Wakacheka. Nina watoto wawili sekondari, nimezika watu, nimefunga safari usiku kwenda kuombea wagonjwa, halafu mtu aliyenijua kwa dakika tano ananiuliza mbele ya vijana kama nimeitwa!

Akanyoosha kidole ukutani, kwenye fremu. "Usajili wetu ule pale. Soma." Nikainuka nikasoma. Kilikuwa cheti cha Msajili wa Jumuiya, kule Wizara ya Mambo ya Ndani. Hicho kinasajili kanisa. Hakihusiani na kutoa shahada. Nikamwambia kwa upole. Akanijibu kwamba hiyo ni roho ya ubishi, wataniombea, ila ada ilipwe leo maana nafasi zimebaki chache.

Ndugu zangu mnaotafuta chuo, naomba hili mlishike. Shahada ni kazi ya TCU, astashahada na stashahada ni NACTVET, baraza la elimu ya ufundi. Tena chuo kusajiliwa ni jambo moja, programu unayoitaka kupitishwa ni jingine. Kila msimu wa udahili TCU hutoa mwongozo wenye programu zilizopitishwa, fungueni mtafute jina la kozi yenu humo kabla ya kutoa hata shilingi. Wakikuambia "tuko chini ya chuo kikuu fulani", uliza cheti kitaandikwa jina la nani, kisha kaulize huko huko. Mchungaji mmoja jirani yetu hakuuliza. Kasoma miaka minne, kaomba uzamili, kaambiwa shahada yake haitambuliki, akaanza upya shahada na vijana waliotoka kidato cha sita. Anahubiri vizuri sana yule mtu. Miaka minne!

Nilitoka mle ofisini nikiwa nimeapa kuwaambia wote msikanyage pale.

Ila chini ya mwarobaini palikuwa na mzee akifundisha Kiyunani, wanafunzi sita, ubao umeegemezwa kwenye shina. Nikamwamkia, "Shikamoo mwalimu," akaitikia na kunisogezea kiti. Walikuwa kwenye Yohana 21, Yesu anapomuuliza Petro mara tatu kama anampenda. Nimehubiri habari hiyo sijui mara ngapi. Sikuwahi kujua kwamba mara mbili za kwanza Yesu anatumia agapao, Petro anajibu kwa fileo, na mara ya tatu Yesu mwenyewe anauliza kwa fileo, maneno mawili tofauti ya Kiyunani ya kupenda. Biblia yetu kote inatumia neno moja tu, kupenda. Mzee akaongeza kwamba wapo wataalamu wanaoona Yohana anabadilisha maneno tu bila kukusudia tofauti, akawaachia wanafunzi wabishane. Na hapo hakuna aliyeambiwa ana roho ya ubishi. Nilikaa karibu saa nzima, njaa sikuisikia.

Kipindi kilipokwisha nikamweleza yaliyonipata. Akanyamaza kidogo. "Swali lako ni la haki, mwanangu. Hata sisi walimu tumeliuliza."

Sasa niwashauri nini? Kama mafundisho yangekuwa ya yule mzee peke yake, ningelipa siku ile ile. Pengine anayetaka kujifunza tu, asiye na haja ya kuendelea wala kuajiriwa kwa cheti, aende, atapata kitu. Hapana, nalifuta hilo. Ofisi inayotumia wito kama kiboko cha kumnyamazisha mtu haistahili pesa ya mama anayeuza kuku, hata mwalimu awe mzuri vipi.

Bahasha nimemrudishia mweka hazina kama ilivyokuwa. Mama mmoja akaniuliza kama wamenikataa, nikamwambia hapana mama, bado nauliza. Fomu yao sijaichana. Iko kabatini, na kila nikiikumbuka ile fileo mkono unaifuata.